Waliopo Uingereza: nimenyimwa msaada wa kisheria kwa sababu ya pauni 545. Tusaidiane hapa

Mtoto_wa_Chumbageni (mleta uzi), 9 Novemba 2024

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, chukueni chai.

Nakaa Luton, napanga chumba kimoja na sebule, pango pauni 950 kwa mwezi. Niko peke yangu, sina mke, sina mtoto. Kazi yangu ni ghalani, zamu za usiku, mshahara pauni 1,950 kabla ya makato. Mwezi uliopita mwenye nyumba kaniletea notisi ya miezi miwili, ile ya Section 21 isiyohitaji sababu. Sidaiwi hata senti. Kosa langu nadhani ni kulalamikia boila.

Nikasema hii nchi ina msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo, ngoja niende. Nikafika kwenye ofisi moja ya mawakili, nikakaribishwa na dada mpole kabisa. Nikamtolea slipu za mshahara, karatasi za benki na mkataba wa nyumba. Akachukua kikokotoo na karatasi nyeupe, akaandika mshahara, akatoa kodi ya mapato, akatoa National Insurance (michango ya bima ya taifa), akatoa 45. Nikamuuliza hiyo 45 ya nini, akaniambia kila mwenye ajira anapewa, ndiyo nauli na matumizi ya kazini. Nikacheka moyoni. Nauli yangu ya wiki mbili hiyo.

Halafu akaandika pango: 950. Akasita. Akapiga mstari mwekundu juu ya 950 na pembeni yake akaandika 545.

Nikamwambia dada umekosea, mkataba huo hapo. Akasema hajakosea. Mtu asiye na mwenza wala tegemezi nyumbani kwake, hata alipe pango la pauni elfu mbili, sheria inamhesabia mwisho 545. Hesabu ikatoka 1,107. Kikomo ni 733. "I'm so sorry," akanifungulia mlango.

Swali langu: hii ni kweli au nimepigwa changa la macho? Na hizo pauni 405 nilizobaki nazo kwenye karatasi yake, ziko wapi? Maana benki sizioni.

---

Kijukuu_cha_Bibi

Pole sana mkuu. Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

---

Mzee_wa_Kijiwe

Hilo jambo dogo. Rudi ofisi nyingine, sema una mke. Ukomo unaondoka.

---

Mkalimani_wa_Kaunta

Mzee wa Kijiwe, acha kumpeleka mtoto wa watu jela. Ile fomu unaisaini kwamba uliyosema ni kweli, na kusema uongo pale ni kosa la jinai. Tena ukija kugundulika, msaada unafutwa na gharama unadaiwa wewe. Na huyo mke wa kubuni atakuja na mshahara wake wa kubuni, maana kipato cha mwenza kinajumlishwa na chako.

Mtoa mada, mimi si wakili. Natafsiri Kiswahili kwenye vituo vya ushauri huku mwaka wa kumi na mbili, nimekaa kwenye hiyo meza mara nyingi nikiangalia kalamu hiyo hiyo ikipita. Dada hakukosea. Nikupangie hesabu yako uione vizuri.

Kwanza wanaangalia mshahara kabla ya makato. Ukizidi pauni 2,657 kwa mwezi, safari imeishia hapo, hawaendelei (mwenye watoto zaidi ya wanne anaongezewa kidogo). Wewe una 1,950, umepita.

Kisha makato. Kodi yako inakuja kama 180, National Insurance kama 72. Unabaki na 1,697. Toa 45, unabaki na 1,652. Sasa toa pango. Wangekutolea 950 unayolipa kweli, ungebaki na 702, chini ya 733, umeshapata wakili. Wametoa 545, umekuwa 1,107.

Yaani kilichokukosesha si mshahara, ni huo mstari mwekundu. Na swali lako la pauni 405: umeshampa mwenye nyumba, lakini kisheria bado ziko mfukoni mwako.

---

Mtoto_wa_Chumbageni

Duh. Sasa nimeelewa na nimeumia zaidi.

---

Nyamwezi_Leeds

Hizo namba za 733 na 2,657 nazikumbuka tangu 2009 nilipokuwa nasoma. Pango la Luton mwaka 2009 lilikuwa shilingi ngapi? Chakula je? Wameziacha pale pale kama saa mbovu ukutani.

---

Mkalimani_wa_Kaunta

Ni hizo hizo. Serikali yenyewe ilikiri. Machi 2022 walifungua maoni kuhusu vigezo hivi, Mei 2023 wakatoa jibu: wataondoa huo ukomo wa 545 kabisa, na 733 wataipandisha hadi 946. Kwa vigezo hivyo mleta uzi angepita akiwa amekaa. Leo ni Novemba 2024, kwa kesi za madai bado tunatumia za zamani.

---

Pwani_Msafi (Mombasa > Birmingham)

Kwani gas na stima hawatoi? Mimi nalipa zaidi ya 150 kila mwezi.

---

Mkalimani_wa_Kaunta

Umeme, gesi, maji, simu, chakula: hakuna. Hivyo vyote wanataka uvitoe ndani ya hiyo 733. Kinachotolewa ni kodi ya mapato, National Insurance, ile 45, pango au mkopo wa nyumba, malipo ya kulelewa mtoto wakati uko kazini, posho ya mwenza na ya kila mtoto unayeishi naye, na matunzo unayolipa kwa mtu asiyekaa kwako. Hili la mwisho nataka nilirudie, maana watu wetu hawalijui.

Wengi wetu hapa kila mwezi tunatuma nyumbani. Mama yuko Tanga, baba yuko Kigoma, na ukiulizwa ofisini "una wategemezi?" unajibu hapana kwa sababu swali limekaa kizungu, unadhani wanauliza watoto waliomo ndani. Kanuni zao zinasema ukiwa unalipa kwa kawaida, na kwa nia njema, matunzo ya mwenza wa zamani, mtoto au *ndugu* asiyeishi nyumbani kwako, wakutolee kiasi cha kuridhisha. Ndugu. Mama yumo.

Masharti yake: iwe kila mwezi, siyo ulituma mara moja kwa ajili ya harusi. Na uwe na ushahidi. Risiti za kutuma pesa, historia ya ile programu ya simu, jina la anayepokea liwe moja. Nimeshuhudia mzee mmoja akitoa kwenye mfuko wa koti risiti za miaka mitatu zimefungwa na rababendi, mwanasheria akabaki anazitazama tu.

---

Mtoto_wa_Chumbageni

Mimi namtumia mama 150 kila tarehe 28. Hakuniuliza yule dada na mimi sikusema!

---

Mkalimani_wa_Kaunta

Kwako haitoshi, nasikitika. 1,107 toa 150 ni 957. Na mama akiwa Chumbageni haondoi ukomo wa 545. Ukomo unaondoka kwa tegemezi unayeishi naye chini ya paa moja. Lakini mtu aliyekwama kwenye 790 na anatuma 100 nyumbani, hiyo ndiyo tofauti ya kupata na kukosa.

---

Kijukuu_cha_Bibi

Aisee. Mimi nilikwama kwenye 768 mwezi wa tatu. Bibi namtumia 60 tangu 2019. Jumatatu naenda.

---

Mzee_wa_Kigamboni

Shusha nondo mkalimani. Mimi nina swali la kiwanja. Nimestaafu nusu, kipato changu kidogo, nakaa nyumba ya kaunsili. Ila nina kiwanja Kigamboni, hakijajengwa, wananiambia sasa hivi kinafika milioni 30. Huku nacho kinahesabiwa? Kwani watakijuaje?

---

Mkalimani_wa_Kaunta

Shikamoo mzee. Kinahesabiwa. Mali popote ilipo duniani ni mali. Kikomo ni pauni 8,000. Milioni 30 kwa shilingi 3,400 hivi kwa pauni ni kama 8,800. Umezidi kwa kiwanja ambacho hata choo hakina. Nyumba unayoishi mwenyewe ina nafuu yake, pauni laki moja ya kwanza ya thamani iliyo yako hawaigusi, lakini kiwanja cha pili hakina nafuu hiyo.

Sasa mzee, hiyo milioni 30 kasema nani? Kama kasema dalali mmoja kwenye simu, ukipata tathmini ya maandishi unaweza kukuta ni milioni 22. Sisemi upunguze, nasema pima. Na "watakijuaje" tuiache, jibu lake nimeshampa Mzee wa Kijiwe.

Tena hili hata kwa wanaopokea Universal Credit (UC), ile posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kwa UC kipato chako wanakipitisha bila hesabu, ila tangu Aprili 2013 mali wanaiangalia kwa kila mtu. Watu wanakuja wakijiamini na barua ya UC, wanasahau akiba.

---

Binti_Makorora

Na upatu? Sisi tuko kumi, kila mwezi pauni 400, na kijumbe ni mimi. Kuna siku akaunti yangu inasoma 4,000 na siyo yangu!

---

Mkalimani_wa_Kaunta

😂 Hii nimeiona kwa macho. Mama mmoja kaletewa swali: "Pauni elfu nne zimeingia tarehe 3 na kutoka tarehe 4, zimekwenda wapi?" Kumweleza Mzungu kijumbe ni nani ilituchukua dakika ishirini. Kilichomwokoa ni daftari: majina kumi, zamu, sahihi, na ujumbe wa kundi la WhatsApp. Pesa unayowashikia wengine siyo yako, lakini uthibitishe. Ila zamu *yako* ikifika ukapokea, hiyo ni yako, itahesabiwa kama akiba nyingine. Ushauri wangu mdogo, upatu uwe na akaunti yake.

---

MamaZuhra_Reading

Nimesita kuandika ila naona uzi huu una heshima. Mimi nilipata, na nataka kina mama wajue.

Mwaka jana nilimwombea mume wangu amri ya mahakama asinikaribie. Sitaeleza zaidi. Nafanya kazi ya kea, yaani kutunza wasiojiweza, nina watoto wawili. Nilidhani sitapata kwa sababu yeye ana mshahara mkubwa kuliko mimi. Nikaambiwa kipato chake hakijumlishwi, kwa kuwa ndiye ninayeshindana naye kwenye kesi. Na kwa sababu nina watoto, pango langu lilihesabiwa lote, pauni 1,100, hakuna 545.

Hesabu ikatoka 420. Hapo nikajifunza jambo jingine: kuwa chini ya 733 haina maana ni bure. Kwa kesi inayofika mahakamani, kuanzia 316 unachangia. Kwangu walichukua asilimia 35 ya kinachozidi 311, ikawa pauni 38 na senti 15 kila mwezi. Nililipa. Wakili wa kujitafutia alikuwa ameniambia zaidi ya hizo kwa saa moja.

Na dada yangu mwingine alizidi ile 733, lakini kwa amri za namna hii wana uwezo wa kuondoa kikomo, ukakubaliwa na ukachangia zaidi. Msikatae kabla ya kuuliza.

---

Kijukuu_cha_Bibi

Pole na hongera mama Zuhra. Mungu akulindie hao watoto.

---

Mbarawa_Barnet

Jirani yangu ana viza yenye lile neno la kutotumia fedha za umma. Anaogopa hata kupiga simu, anasema Home Office, wizara inayosimamia uhamiaji, watamfutia.

---

Mkalimani_wa_Kaunta

Mwambie apige. Msaada wa kisheria haumo kwenye orodha ya fedha za umma kwa kanuni za uhamiaji. Hofu hii imewanyima haki watu wengi kuliko huo ukomo wa 545.

---

Pwani_Msafi

Na mimi, kuna mwajiri alinikalia na mshahara wa wiki tatu. Kipato changu kiko chini kabisa, UC napata.

---

Mkalimani_wa_Kaunta

Hapo kipato si tatizo. Kabla ya slipu kuna mlango mwingine: aina ya kesi. Tangu tarehe 1 Aprili 2013, sheria ya LASPO ilipoanza, mambo mengi yalitolewa kabisa. Mshahara kutolipwa hakumo. Talaka ya kawaida na ugomvi wa watoto hakumo, mpaka kuwe na ushahidi wa ukatili. Uhamiaji mwingi haumo, ila kuomba hifadhi kumo. Ubovu wa nyumba umo pale tu unapohatarisha afya au usalama vibaya. Kufukuzwa kwenye nyumba kumo. Kwa hiyo ukienda na kesi isiyomo, hata uwe fukara wa kutupwa, watakurudisha. Kwako nenda ACAS kwanza, shirika la usuluhishi wa migogoro ya kazi, bure, na usikawie: mahakama ya kazi ina muda wa miezi mitatu kasoro siku moja.

---

Nyamwezi_Leeds

Kule Bongo wasaidizi wa kisheria wa kata hawakuulizi slipu ya mshahara. Nasema tu.

---

Binti_Makorora

Nawe mshahara wako wa Bongo ulikuwa na slipu? 😂

---

Mkalimani_wa_Kaunta

Mtoto wa Chumbageni, samahani, nimejibu wote nikakuacha wewe. Kuna kitu hukuambiwa. Tangu tarehe 1 Agosti 2023 kuna mpango unaitwa Housing Loss Prevention Advice Service. Mtu yeyote aliyepewa kwa maandishi taarifa kwamba anatakiwa kutoka kwenye nyumba, awe na notisi kama yako au karatasi za mahakama, anapata ushauri wa kisheria bila kuulizwa kipato. Hakuna slipu, hakuna 545, hakuna kiwanja. Na ikifika siku ya kusikilizwa mahakamani, kuna wakili wa zamu pale pale, naye haulizi.

Ila si kila ofisi ina mkataba wa mpango huu, ndiyo maana pengine yule dada hakukutajia. Ingia tovuti ya serikali, tafuta msaada wa kisheria kwa anayetolewa nyumbani, weka postikodi yako, watakupa ofisi za eneo lako. Nenda na mkataba, notisi, na karatasi ya dipoziti. Hasa dipoziti.

---

Mtoto_wa_Chumbageni

Karatasi gani ya dipoziti? Nilimpa 1,000 mkononi, akaniandikia kwenye ukurasa wa daftari.

---

Mkalimani_wa_Kaunta

Usiutupe huo ukurasa.

---

Mtoto_wa_Chumbageni, 3 Desemba 2024

Wakuu mrejesho.

Nilienda. Ofisi nyingine, mama mtu mzima, meza imejaa mafaili hadi sakafuni. Hakuuliza mshahara hata mara moja. Kasoma notisi nusu dakika, akauliza dipoziti iko kwenye mfuko gani wa ulinzi. Nikatoa ule ukurasa wa daftari: "recived £1000 thanks", na tarehe. Akausoma, akautazama nyuma, akatabasamu mara ya kwanza.

Kumbe mwenye nyumba alitakiwa kuiweka kwenye mfuko uliosajiliwa ndani ya siku 30. Hakuweka. Kwa hiyo hiyo notisi yake haisimami, hawezi kuitumia mpaka anirudishie pesa kwanza. Mama kaandika barua ya ukurasa mmoja. Jana elfu moja yangu imeingia kwenye akaunti, bila salamu.

Nikamuuliza kuhusu kumdai fidia kwa kutoiweka. Akasema inawezekana, mahakama inaweza kumtoza hadi mara tatu ya dipoziti, ila hiyo ni kesi yangu mimi, mpango huu hauifikii. Sijaamua.

Mkalimani, nikifika huko uliko chai ni yangu.

---

Kijukuu_cha_Bibi

Na mimi mrejesho: bibi kanipitisha! Wametoa zile 60, nikawa 708. Ila walitaka risiti za miezi sita na nikazipata tano, ya sita nilituma kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Hiyo moja hawakuihesabu, wakaridhika na zilizobaki.

---

Nyamwezi_Leeds, 21 Mei 2025

Naufufua uzi. Mmesikia mfumo wa Legal Aid Agency, wakala wa serikali wa msaada wa kisheria, umeingiliwa na wahalifu wa mtandaoni? Wanasema wamechota taarifa za walioomba tangu 2010: anwani, tarehe za kuzaliwa, hadi hali ya fedha. Mlioomba humu badilisheni nywila, na mtu akikupigia simu anajua mshahara wako usimwamini kwa hilo tu.

---

MamaZuhra_Reading

Anwani. Mimi nilihama kwa ajili ya hiyo anwani.

---

Mkalimani_wa_Kaunta

Mama Zuhra, nimekuandikia faragha. Tuma ujumbe kwa wakili wako leo, na polisi waliokuwa na faili lako wajulishwe.

---

Mzee_wa_Kigamboni

Mtoto wa Chumbageni uko wapi siku hizi? Bado Luton?

---

Mtoto_wa_Chumbageni

Shikamoo mzee, nipo. Alisubiri, Februari akaleta notisi mpya iliyokamilika, safari hii hakuna pa kumshika. Aprili nimehamia nyumba ya kuchangia na Wapoland watatu. Chumba pauni 540.

---

Mzee_wa_Kijiwe

540! Umeingia chini ya ukomo wao. Si sasa unapata msaada?

---

Mtoto_wa_Chumbageni

Nimepiga hesabu kwa mshahara ule ule. 1,652 toa 540 ni 1,112. Nimezidi kwa pauni tano kuliko nilipokuwa nalipa 950.